Kisu Kilichokosa Tanuri la Mikate

Nakumbuka asubuhi moja dada yangu Zuhura alivyoingia karakana yetu ya mtaa wa Gerezani, kwa miguu kutoka soko la samaki la Feri, mkononi ameshika kisu nilichomtengenezea mwenyewe. Alikuwa amekizungushia gazeti. Hakunisalimia. Alilifungua gazeti, akakiweka kisu juu ya meza ya kazi, akanionyesha kwa kidole. Kwenye makali, karibu na mpini, palikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya mchele.

"Kipande chake kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kimo ndani ya samaki," akasema. "Na samaki ameshachukuliwa, ameenda kupikwa."

Mwanangu, juzi ulinionyesha kwenye simu yako kisu cha stenlesi unachotaka kukiagiza, ukaniambia ndicho bora kwa sababu namba yake ya ugumu ni kubwa kuliko vingine vyote. Sikukujibu, ukadhani sikusikia. Nilisikia. Jibu langu ni refu kidogo, nalo linaanzia kwenye pengo lile.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, mmoja baada ya mwingine. Nyuma yangu alikuwepo Zuhura, na nyuma yake mdogo wetu Idi. Niliacha shule, sikurudi tena. Sikuambii hivyo ili unihurumie. Ndivyo ilivyokuwa, na mambo yakaenda. Fundi visu mmoja, Mzee Kibwana, mtu wa Lindi aliyehamia mjini zamani, alinichukua karakanani kwake. Mwaka wa kwanza nilifagia na kupuliza moto. Wa pili nilishika tupa. Nilipofika miaka kumi na tisa nilikuwa natengeneza kisu kuanzia bapa la chuma hadi mpini, isipokuwa kazi ya moto. Moto alikuwa akiushika Mzee mwenyewe.

Mwaka huohuo Zuhura alipata nafasi kwa Bi Tatu. Huyu Bi Tatu alikuwa na meza yake Feri, wanawake wanne wamesimama kuizunguka, wakiwapaa, kuwapasua na kuwakatakata samaki ambao wateja wamewanunua mnadani. Ilikuwa kazi ya heshima, na mtu alikuwa hafukuzwi ovyo. Sharti la Bi Tatu lilikuwa moja: kila anayeanza aje na kisu chake. Kisu cha kuazima hakikuruhusiwa kwenye meza yake. Akamwambia Zuhura aanze Jumamosi alfajiri.

Hapo ndipo mimi, kaka mkubwa, nikasema kisu nitatengeneza mimi.

Sasa nisikilize kidogo mambo ya chuma, maana bila hayo hutaelewa kosa langu. Visu vyetu vya kawaida tulivitengeneza kwa springi za magari. Springi ni chuma chepesi kukielewa. Ukikipasha moto kikawa chekundu, ukakizamisha kwenye oili, kinakuwa kigumu. Ila kwa mtu wa samaki kina udhia: maji ya chumvi yanakipiga kutu kabla hata hajamaliza siku. Ndiyo maana watu wa Feri walitaka stenlesi.

Stenlesi ya visu ina tabia yake. Ule wekundu unaotosha kwa springi, kwake ni kama hujaanza. Inataka moto mkali zaidi, mpaka iwe rangi ya chungwa linaloelekea umanjano, kisha ikae humohumo kwenye moto kwa muda ili iive mpaka ndani. Mzee Kibwana hakuwa na saa. Alikuwa akisoma Fatiha kimoyomoyo mara kumi, kisha ndipo anatoa bapa na kulizamisha. Ukitoa mapema, kisu kinabaki laini. Ukiliacha bapa mno au ukazidisha moto, linaharibika kwa namna nyingine, linakuwa na chembe kubwa ndani kama udongo mkavu.

Na hapo kazi haijaisha. Kisu kikitoka kwenye oili ni kigumu kupita kiasi. Kimejikaza chote, kama mtu aliyeshtuliwa. Kinatakiwa kipewe joto la pili, dogo, la muda mrefu, ili ule mkazo ulegee kidogo. Kinapoteza sehemu ndogo tu ya ugumu wake, lakini kinapata uwezo wa kuvumilia kugongwa. Mzee Kibwana aliita kazi hiyo kukilaza kisu. Na kwa kuwa hatukuwa na tanuri la kupimia joto, tulikuwa tunavilaza visu vyetu kwenye tanuri la mikate.

Ndiyo, la mikate. Mzee Awadh, Mwarabu wa Magomeni, alikuwa na kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya nyumba yake. Kila asubuhi, mkupuo wa mwisho ukishatolewa, tanuri lake lilibaki na joto lilelile tulilolihitaji. Tukivipanga visu kwenye sinia, anavisukuma ndani, vinakaa masaa mawili. Naye malipo yake yalikuwa kunolewa visu vyake vya mikate. Kila nikifika alikuwa na neno lake: "Mikate yangu inaiva nusu saa, watu wanakula wanashiba. Ninyi mnaoka masaa mawili, na bado hailiki!"

Wiki ile Mzee Kibwana alikuwa Lindi msibani. Jumatano nikawasha moto mwenyewe. Bapa la kwanza nikalitoa kwa wekundu wa springi, kwa mazoea ya macho. Tupa ikaliuma kama inauma bati. La pili nikalisubiri kidogo zaidi, likawa vilevile. Siku ya Alhamisi nilichukua la tatu, nikapuliza mpaka jasho likaniingia machoni, nikaona ile rangi ya chungwa, nikasoma Fatiha zangu kumi bila kuruka, nikazamisha. Liliponyamaza kulia kwenye oili nikalipitishia tupa. Tupa iliteleza kama inapita kwenye kioo.

Sijawahi kufurahi vile. Nililisugua, Ijumaa nikalinoa. Mwenzangu wa karakanani, Bakari, akalijaribu kwenye mkono wake, nywele zikaondoka zote mahali pale.

"Oya, hiki si kisu, hiki wembe!" akasema. "Mwambie dada'ako asipige chafya nacho."

Nikatembea Ijumaa hiyohiyo mpaka kwa Mzee Awadh. Nikakuta tanuri limepoa. Alikuwa ameziba ufa kwa udongo na alitaka ukauke.

"Njoo kesho," akaniambia, "mkate wa asubuhi ukitoka."

"Kesho alfajiri dada yangu anaanza kazi, Mzee."

"Basi aanze keshokutwa. Dunia haiishi kesho."

Nilirudi na kisu mfukoni. Njiani nilikitazama mara tatu. Kilikuwa kinang'aa, kinanyoa, na tupa imekishindwa. Nikajiuliza, kitu kilichokuwa kigumu namna hii, unakirudisha kwenye joto ukilegeze kwa nini? Nilijiona nimegundua kitu ambacho Mzee Kibwana kwa miaka yote hakukifikiria. Jioni nikakitia mpini, nikampa Zuhura. Nilimwambia kimekamilika. Tazama neno hilo, mwanangu. Sikusema "hakijalazwa", sikusema "kitumie taratibu". Nilisema kimekamilika.

Sasa rudi na mimi kwenye ile asubuhi ya Jumamosi.

Zuhura alinieleza kwa ufupi. Alipewa nguru mkubwa wa mama mmoja wa Magomeni aliyekuwa na hitima, kisomo cha marehemu mumewe. Akamkata, akamfunga, mama akaondoka. Alipokuwa anaosha kisu ndipo akaliona pengo. Hakuna mwingine aliyeliona. Angeweza kukikung'uta kisu maji na kuendelea na samaki wa pili. Akaenda kumwambia Bi Tatu.

"Akasemaje?"

"Amesema nitoke mezani. Kipande kikipatikana, nirudi. Kisipopatikana, au mtu akidhurika, nisikanyage tena." Akakifunga tena kisu ndani ya gazeti. "Nyumba ya yule mama Bi Tatu anaijua. Nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Kaka, wakati nakata nilisikia..."

"Utaniambia baadaye. Twende."

Nilichukua sumaku ya spika mbovu tuliyokuwa tunaokotea vumbi la chuma sakafuni, tukaondoka kwa miguu, tukakata Jangwani. Zuhura alijaribu tena kuniambia kitu njiani. Nikamwambia aongeze mwendo.

Nyumba ya mlango wa kijani ilikuwa imejaa wanawake. Uani palikuwa na mafiga matatu, mafuta yameshaanza kuchemka, na vipande vya samaki vimelala kwenye mabeseni na limau na tangawizi. Nikatoa shikamoo, nikaeleza. Mama mwenye shughuli aliweka mkono kifuani. Mwenzake mmoja, bibi mnene aliyekuwa anageuza wali, akaangua kicheko.

"Kisu cha nini, stenlesi? Na hiyo ni sumaku? Kijana, stenlesi haishikwi na sumaku! Mtoto mdogo anajua." Akanitupia bakuli lake. "Jaribu hilo."

Nikaigusisha sumaku kwenye bakuli. Haikushika. Wanawake wakacheka, na mmoja akaniuliza kama nimefuata chuma au nimefuata chakula. Nikatoa kisu, nikakigusisha. Kilirukia sumaku, kikalia tak. Kicheko kikakatika.

Nikuambie na hilo, litakufaa sokoni Kariakoo. Stenlesi zina koo mbalimbali. Ile ya mabakuli na masinki kwa kawaida haishikwi na sumaku, na hata ukiipasha moto mchana kutwa haiwi ngumu ya kufanya kisu. Ile ya visu, inayokubali kupigwa moto, inashikwa. Muuzaji akikuonyesha kisu ambacho makali yake hayashikwi na sumaku kabisa, akakuambia ndiyo dalili ya stenlesi halisi, muulize bei ya mabakuli.

Mama akazima moto. Hitima ya mumewe, watu wameshaanza kuketi barazani, na yeye akazima moto chini ya mafuta. Nikaanza kupitisha sumaku kwenye kila kipande, juu na chini. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Vipande vilikuwa thelathini na kimoja. Nilivimaliza vyote, nikavirudia vyote. Sumaku haikushika kitu.

Nilisimama pale na mikono inayonuka limau. Nilikuwa nimeishiwa. Wala sikuwa nawafikiria wale watu wa barazani, nakuambia ukweli. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyosimama mbele ya Bi Tatu.

Zuhura akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, kwa mama mwenye shughuli: "Mama, samahani, kichwa kiko wapi?"

"Kichwa nimempa jirani, anampikia supu baba yake. Haoni yule mzee, hatafuni vizuri."

"Kisu kilipolia nilikuwa nakata shingo," Zuhura akasema. "Nilitaka kusema tangu asubuhi."

Tulikimbia mlango wa pili. Sufuria lilikuwa motoni, na bakuli la mzee limeshaandaliwa mkekani, kijiko kando yake. Mzee mwenyewe ameketi, mikono magotini, anangoja. Zuhura akamwamkia, akamuomba avumilie kidogo. "Kuna nini?" akauliza. "Kuna mwiba mkubwa, babu," akamjibu. Tulikitoa kichwa kwa upawa, tukakiweka kwenye sinia. Nikapeleka sumaku kwenye mfupa wa shingo, na kabla sijaugusa, kitu kidogo kinachong'aa kikatoka kwenye ufa wa mfupa kikaning'inia. Nikakipachika kwenye pengo la kisu. Kikaingia sawasawa. Tukaichuja supu yote kwa kitambaa hata hivyo, tukaipitia na sumaku.

Kwa Bi Tatu tulifika soko linapungua. Alikipokea kile kipande kwenye kiganja, akakitazama, akamwambia Zuhura, "Nawa mikono, rudi mahali pako." Kisha akanigeukia mimi.

"Kisu umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Ulikijaribu kwenye nini?"

"Karatasi. Na nywele za mkono."

"Hapa tunanyoa watu?"

Wale wanawake watatu wa mezani waliinama wakajifanya wanapaa samaki. Bi Tatu akachukua kisu chake, cha zamani, makali yamelika mpaka kimekuwa chembamba, akakisukuma kwa nguvu kwenye kichwa cha changu na kukipindua kidogo. Akanionyesha makali. Yalikuwa yamelala upande, kidogo sana. Akayapitisha kwenye jiwe mara tatu, yakasimama.

"Hiki changu kinachoka, nakinoa, tunaendelea," akasema. "Chako hakichoki. Kinavunjika, tena kimya kimya. Mezani kwangu hapaazimwi kisu, lakini Zuhura atatumia hiki changu mpaka utakapoleta chake."

Mzee Kibwana aliporudi Jumanne nilimweleza mwenyewe kabla Bakari hajapata nafasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Alinituma nikapashe moto bapa lingine la stenlesi na kulizamisha, vilevile kama nilivyofanya mara ile. Kisha akalibana kwenye jiliwa na kuligonga na nyundo ndogo, kama mtu anayebisha hodi. Likakatika vipande viwili. Akaviokota, akanipa mkononi.

"Moto umeupata," akasema. "Hongera. Hii kazi wengine wanaikosa miaka mitano." Akasubiri nifurahi kidogo. "Lakini ulikuwa na haraka ya kumfanya dada yako aonekane ana kaka hodari."

Akaendelea: "Zuhura alipoanza kukuambia amesikia mlio, ulimjibu nini?"

Zuhura alikuwa amempitia asubuhi kumpa pole ya msiba, na kumbe alikuwa amemweleza. Nikasema nilimwambia atanieleza baadaye.

"Basi," akasema Mzee Kibwana, "peleka kile chenye pengo kwa Awadh. Na wewe ukae hukohuko masaa yote mawili. Usitoke nje."

Niliung'oa mpini, nikaenda, nikakaa. Tanuri lilikuwa limepona. Mzee Awadh aliniangalia nilivyoketi kwenye gunia la unga, akasema leo ananioka na mimi. Kisu kilipotoka hakikuwa na tofauti yoyote ya kuonekana, labda kivuli cha rangi ya nyasi kavu tu. Ila tupa, badala ya kuteleza kabisa, ilishika kwa mbali sana. Nikalisaga pengo polepole, nikichovya kisu kwenye maji kila baada ya kugusa jiwe, kwa sababu joto la jiwe nalo linaweza kuyalainisha makali bila wewe kujua. Ukiona rangi ya buluu umeshachelewa. Kisu kikawa chembamba kuliko nilivyokichora. Nikakirudishia mpini, nikakinoa kwa pembe pana kidogo. Kisha nikanunua kichwa cha nguru, nikakipasua mara ishirini mbele ya Bakari, na kila mara nikayapitisha makali juu ya ukucha kutafuta pengo. Halikuwepo.

Zuhura alikitumia kisu hicho miaka mingi. Sasa meza ni yake, Bi Tatu alishamwachia. Ana wasichana watatu. Anayeanza akija na kisu kipya, Zuhura hamuulizi kimetoka nchi gani wala kinang'aa vipi. Anakishika, anamtazama usoni, anamuuliza: "Kimelala kwenye mikate hiki?" Wengi hawajui anasema nini. Basi anakipeleka mwenyewe kwenye kichwa cha samaki, na jibu analipata hapo.

Kwa hiyo, mwanangu, ile namba uliyonionyesha ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Ugumu unakuambia makali yatakaa muda gani. Haukuambii yatavumilia nini. Uliza kwanza kisu kinaenda kukata nini. Cha nyama isiyo na mfupa na mboga, kipe ugumu zaidi, kitakaa na makali siku nyingi. Cha mifupa na vichwa vya samaki, kipunguzie, ukubali kukinoa mara kwa mara. Ukikitengeneza mwenyewe, usiruke moto wa pili kwa sababu ya siku ya kesho, na usikabidhi kisu ambacho hujakijaribu kwenye kazi yake yenyewe. Na kama hakijakamilika, sema hakijakamilika.

Jambo la pili halihusu chuma. Wewe nawe ni mkubwa kwa wenzako. Ukishikilia nyumba ukiwa mdogo unajifunza kujikaza, na kujikaza kulitusaidia sana. Bila hivyo Idi asingesoma. Lakini siku ile ilibaki kidogo mzee asiyeona ameze chuma, kwa sababu aliyejua kipande kilipo alikuwa anatembea hatua moja nyuma yangu, nami sikumpa nafasi ya kumaliza sentensi. Mdogo wako akianza kusema, simama umsikilize.

Mungu akupe mkono usio na haraka na sikio linalosikia mapema. Akujaalie wadogo wanaothubutu kukuambia ukweli, na jirani mwenye tanuri. Na kila utakachokitoa mkononi mwako, kifike kwa mwenzio kikiwa kizima.